Maniema ya Kusini Sokoni: Vitabu na Filamu kuhusu Kasongo na Kabambare

Makala haya yanachunguza namna historia ya Maniema ya kusini, yaani nchi ya Kasongo, Kabambare na Wamaza katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilivyoandikwa, ikapigwa chapa, ikatiwa katika sinema na hatimaye kuuzwa. Si orodha ya maandishi yote yaliyopo. Orodha za namna hiyo zimekwisha tolewa na wengine. Linaloshughulikiwa hapa ni jambo moja ambalo wataalamu wa Kiswahili hawajalitilia maanani ya kutosha. Mara kwa mara, habari za nchi hii ziliandikwa kwanza kwa namna moja, kisha zikauzwa kwa namna nyingine. Na kile kilichouzwa ndicho kilichobaki vichwani mwa watu. Tena, maandishi ya kwanza yaliyo muhimu kuliko yote yalikuwa ya Kiswahili, lugha ambayo watu wa Kasongo hawahitaji kutafsiriwa. Hata hivyo ni maandishi hayo ambayo wao wameyapata kwa taabu kubwa zaidi.

Msomaji na afikirie meza ya muuzaji vitabu ambaye amekusanya kila kilichotolewa kuhusu Kasongo tangu 1874. Angekuwa na safari za Waingereza, kumbukumbu za maofisa wa Dola Huru ya Kongo, tasnifu za wanahistoria wa Brussels na Paris, vitabu vya isimu, taarifa za madaktari, na kanda chache za filamu. Angeweza kuandika mahali pa uchapaji kwa kila kimoja: London, Berlin, Brussels, Nairobi, Paris, Cambridge, Amsterdam. Jina la Wamaza halimo katika jalada la kitabu hata kimoja kati ya vitakavyotajwa hapa, ingawa nchi hiyo iko katika eneo lililopitiwa na misafara baina ya Ziwa Tanganyika na Mto Lualaba.

Karatasi za Kabambare

Kitabu kimoja kilisomwa Kabambare kabla ya chochote kuandikwa kuhusu Kabambare. David Livingstone alifika huko Septemba 1869, akapaita Bambarre. Baadaye alilazimika kukaa hapo kwa miezi mingi, tangu Julai 1870 hadi Februari 1871, kwa sababu ya madonda ya miguuni, na ameeleza mwenyewe kwamba katika siku zake za Manyema aliisoma Biblia yote mara nne. Karatasi zake ziliisha. Wino nao uliisha. Alianza kuandika juu ya kurasa alizozing'oa vitabuni na juu ya magazeti ya zamani, akitumia rangi ya mmea uliopatikana huko. Shajara yake ya mwaka 1871, ambayo ndani yake mna habari za mauaji ya soko la Nyangwe tarehe 15 Julai, imeandikwa kwa kukata mistari ya gazeti la The Standard la London la Novemba 1869. Ni jambo la ajabu kidogo kwamba ushahidi mkubwa wa maandishi uliotoka katika nchi hii umelala juu ya matangazo na habari za mji mwingine.

Kilichouzwa lakini hakikuwa shajara hiyo. Livingstone mwenyewe aliinakili upya mwaka 1872 katika daftari lake kubwa, akibadilisha baadhi ya mambo. Alipokwisha fariki, Horace Waller alilihariri daftari hilo na kulichapisha London mwaka 1874 kwa majuzuu mawili, The Last Journals of David Livingstone. Kitabu hicho kilisomwa kote Uingereza na kilizidi kuwachochea watu katika vita vya kupinga biashara ya utumwa. Shajara yenyewe ilififia kiasi cha kutosomeka. Ilisomeka tena mwaka 2011 tu, baada ya kupigwa picha kwa mianga ya aina mbalimbali, kazi iliyoongozwa na Adrian Wisnicki. Hapo ndipo wasomi walipoona kwamba maelezo ya kwanza juu ya watumishi wa Livingstone mwenyewe na mwenendo wao huko Nyangwe hayakuwa yale yale ambayo kitabu kiliwauzia wasomaji. Katika maandishi ya awali mambo si safi kiasi hicho: wabaya na wema hawakugawanyika sawasawa kwa mstari wa Waarabu upande mmoja na watu wa mzungu upande wa pili.

Barua nyingine ya Livingstone, aliyomwandikia Waller kutoka Bambarre Februari 1871, ilipata safari yake. Iliuzwa mnadani mwaka 1966 ikawa mali ya mtu binafsi, na ilisomwa yote kwa mara ya kwanza mwaka 2010 kwa njia hiyo hiyo ya picha. Kwa hiyo karatasi iliyoandikwa Kabambare imekuwa bidhaa kwa maana iliyo wazi kabisa ya neno hilo.

Henry Morton Stanley alipita Kabambare mwaka 1876, naye akauza kitabu chake Through the Dark Continent mwaka 1878. Verney Lovett Cameron alikuwa amemtangulia. Alifika Nyangwe mwaka 1874 na kitabu chake Across Africa kilitoka 1877. Vitabu hivi havina haja ya kuelezwa zaidi hapa, maana vimeelezwa mno. Inatosha kusema kwamba kwa robo karne msomaji wa Ulaya aliyetaka kujua Manyema alinunua habari zake kutoka kwa wasafiri watatu ambao wote walipitishwa, walilishwa na waliongozwa na watu waliozungumza Kiswahili.

Maneno yake mwenyewe

Mmoja wa watu hao alikuja kuandika. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, anayejulikana kama Tippu Tip, aliondoka bara moja kwa moja mwaka 1890, akaishi Unguja hadi kufa kwake mwaka 1905. Huko alishawishiwa na Heinrich Brode, mtumishi wa ubalozi mdogo wa Ujerumani, aandike maisha yake. Aliandika kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu. Brode aliyahamisha maneno hayo katika hati za Kilatini na kuyatafsiri kwa Kijerumani, na matini pamoja na tafsiri yakachapishwa Berlin katika jarida la chuo cha lugha za Mashariki, Mitteilungen des Seminars für Orientalische Sprachen, mwaka 1902 na 1903.

Maisha haya ni kazi ya kwanza ya aina yake katika nathari ya Kiswahili, na sehemu yake kubwa inatokea Maniema na katika nchi jirani. Humo ndimo tunamopata namna Tippu Tip alivyoingia Utetera na kumwambia mtemi mzee Kasongo Rushie kwamba bibi yake alikuwa dada ya mtemi huyo, aliyetekwa zamani. Mzee akaamini, au akaona faida ya kuamini, akamwachia nchi. Humo pia mna kukutana kwake na Cameron, kuhamia kwake Kasongo, na jinsi Waarabu waliokuwapo walivyomfanya mkubwa wao. Ni maandishi ya mfanyabiashara. Hesabu ya pembe na safari inatangulia mengine yote, na watumwa wanatajwa bila ya kusitasita, kama vile vitambaa. Anayetafuta toba humo hataipata. Lakini anayetaka kujua mambo yalivyoendeshwa, nani alikopa kwa nani, nani alimwogopa nani, na njia gani ilipitika wakati gani, hana kitabu bora kuliko hicho.

Sasa na tutazame kilichouzwa. Brode hakuishia katika jarida. Mwaka 1905 alitoa Berlin kitabu chake mwenyewe kuhusu Tippu Tip, ambacho katika jalada lake anamwita shujaa wake dhalimu wa Afrika ya kati. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka London mwaka 1907, na ikawa ndiyo iliyosomwa na watu. Maneno ya Tippu Tip yalikuwa yamemezwa ndani ya maneno ya Brode. Kwa zaidi ya nusu karne, mtu ambaye hakuwa na maktaba ya Kijerumani karibu naye hakuweza kuyaona maandishi ya asili.

Mambo yalibadilika kwa juhudi za Halmashauri ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. W. H. Whiteley alitayarisha matini ya Kiswahili pamoja na tafsiri ya Kiingereza, yakatolewa kama nyongeza ya jarida la Halmashauri mwaka 1958 na 1959 kwa jina la Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip kwa maneno yake mwenyewe. Mwaka 1966 East African Literature Bureau ilikitoa tena. Hapo kwa mara ya kwanza kitabu kilikuwa na bei ambayo mwalimu wa shule angeweza kuilipa. Wanafunzi wengi wa Kenya, Uganda na Tanzania walikisoma katika toleo hilo. Tofauti ya jalada hili na lile la Brode iko wazi: badala ya dhalimu, jina la mtu, badala ya masimulizi ya mwingine, maneno yake mwenyewe.

Lakini toleo la Nairobi lilikuwa la Afrika Mashariki kwa maana ya makoloni ya Mwingereza. Maelezo na tafsiri vilikuwa vya Kiingereza, na biashara ya vitabu ya Nairobi haikuelekea Kongo, nchi ambayo shule zake zilifundisha kwa Kifaransa na ambayo, mwaka huo wa 1966, ilikuwa ndiyo kwanza inatoka katika vita vya uasi. Kongo ilipata toleo lake kutoka upande wa pili. Mwaka 1974 Akademia ya Kifalme ya Sayansi za Ng'ambo ya Brussels ilichapisha tafsiri ya Kifaransa iliyofanywa na padre François Bontinck, mwanahistoria aliyefundisha Kinshasa. Ni kazi nzito. Maelezo yake ya chini ya kurasa yanazidi matini kwa wingi, na hakuna mtafiti wa Maniema anayeweza kukiacha. Ila Kiswahili chenyewe hakimo.

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba mwanafunzi wa Kasongo, ambaye Kiswahili amekinyonya kwa mama yake, akitaka kutumia habari za mji wake zilizoandikwa kwa Kiswahili, hunukuu Kifaransa cha Bontinck. Akihitaji neno lililotumika hasa, hulirudisha mwenyewe katika Kiswahili kwa kubahatisha. Hili si jambo dogo la ufundi. Katika tafsiri, neno mwungwana laweza kuwa mtu huru, laweza kuwa Mwislamu wa pwani, laweza kuwa mfuasi wa Waarabu. Na utawala wa Ubelgiji ulipoandika habari za watu hawa uliwaita kwa neno moja tu la Kifaransa, waliofanywa Waarabu. Mtu ambaye babu yake alijiita mwungwana na jirani yake akamwita mtumwa ana haki ya kujua neno gani lilitumika, na nani alilitumia. Katika nchi ambako asili ya ukoo bado huingia katika mashauri ya ardhi na ya utemi, swali la nani alikuja na nani, na kwa hali gani, halijawa la makumbusho.

Majina ya majalada

Vitabu vingine vyafaa kutazamwa kwa majina yao. Sidney Langford Hinde, daktari na ofisa wa jeshi la Dola Huru, alitoa London mwaka 1897 The Fall of the Congo Arabs, yaani kuanguka kwa Waarabu wa Kongo. Alikuwa katika jeshi la Dhanis lililoiteka Nyangwe Machi 1893 na Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka huo huo. Kabambare ilitekwa Januari 1894. Kurasa zake za Kasongo zinajulikana sana: ghala zilizojaa, vitanda vya nakshi, magodoro ya hariri, bustani za michungwa na mikomamanga. Anaeleza pia kwamba waliikuta humo mizigo ya Emin Pasha, aliyekuwa ameuawa mwaka uliotangulia, pamoja na shajara zake. Jambo ambalo msomaji hupita bila ya kulisimamia ni kwamba sifa hizi za mji zimeandikwa na mmoja wa walioupora. Mji ulioelezwa vizuri hivyo ulihamwa baadaye, na mahali pake paliitwa Tongoni, neno ambalo wasomaji wa Kiswahili hawahitaji kufasiriwa.

Baada ya Hinde, majina yalizidi kuonyesha aliyekuwa akinunua. P. Ceulemans aliandika Brussels mwaka 1959 juu ya suala la Waarabu na Kongo. Suala, kwa maana lilikuwa suala la serikali ya Leopold. Mwaka 1960, mwaka wenyewe wa uhuru, Armand Abel alitoa uchunguzi wake juu ya Waislamu weusi wa Maniema, ambao ulionyesha wazi wasiwasi wa utawala uliokuwa ukiondoka. Melvin Page aliandika mwaka 1974 makala kuhusu Wamanyema wa Tippu Tip, na katika kichwa cha habari akatumia neno la Kiingereza linalofaa makundi ya wanyang'anyi, ingawa makala yenyewe yana uangalifu kuliko kichwa chake. François Renault, Paris 1987, alimwita Tippu Tip mtawala wa Kiarabu. Baba na babu wa mtu huyu walikuwa na asili ya Omani, naam. Lakini aliandika Kiswahili na alitawala kwa Kiswahili. Neno Mswahili halikuonekana kuwa na soko la kutosha.

Kwa upande wa lugha kuna vitabu viwili vya kukumbukwa. Mmisionari John Whitehead na L. F. Whitehead walitoa mwaka 1928 Manuel de Kingwana, wakikieleza Kingwana kama lahaja ya magharibi ya Kiswahili. Kitabu hiki kilitolewa Wayika, kwenye Lualaba. Katika meza yetu yote, hicho ndicho kitabu kilichotoka karibu zaidi na mahali kinapopaeleza, na si ajabu kwamba ni adimu kuliko vyote. Cha pili ni cha Johannes Fabian, Language and Colonial Power, kilichochapishwa na Cambridge mwaka 1986. Fabian alipanga miongozo na misamiati yote ya Kiswahili iliyouzwa kwa ajili ya Kongo tangu 1880 hadi 1938 na akaonyesha jinsi Kiswahili cha misafara kilivyogeuzwa kuwa lugha ya kuamrisha wafanyakazi. Amri zilikuwa nyingi katika vitabu hivyo. Maswali yalikuwa machache.

Pembeni kuna kitabu cha aina nyingine kabisa. Katika miaka ya 1970 Taasisi ya Tiba za Nchi za Joto ya Antwerp ilikuwa na mradi mkubwa wa afya Kasongo, na makala yao ya mwaka 1981 katika jarida la The Lancet juu ya chanjo ya surua yalijadiliwa duniani kote, kwa kuwa yaliuliza kama mtoto aliyeokolewa na surua huendelea kuishi au huchukuliwa na ugonjwa mwingine. Madaktari wengi ambao hawajapata kusikia jina la Tippu Tip wanalijua jina la Kasongo kwa sababu hiyo.

Sinema

Filamu zinaweza kuelezwa kwa ufupi zaidi, kwa kuwa Maniema ya kusini haionekani humo ila kwa kukosekana kwake. Filamu ya Hollywood ya mwaka 1939 juu ya Stanley na Livingstone, ambayo Spencer Tracy alicheza kama Stanley, ilipata picha zake za mandhari Afrika Mashariki. Miaka miwili ya Livingstone katika Manyema haikuwa na nafasi katika hadithi inayokimbilia Ujiji. Mwaka 1951 John Huston alikwenda kupiga sehemu ya The African Queen kwenye mto Ruiki, karibu na Ubundu, kaskazini kidogo ya Maniema. Hadithi yake ni ya Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1914. Msitu wa Lualaba uliuzwa kwa jina la Tanganyika. Nusu karne baadaye mambo yaligeuka: Raoul Peck, alipotoa filamu yake juu ya Lumumba mwaka 2000, ilimbidi aipige Zimbabwe na Msumbiji kwa kuwa Kongo ilikuwa vitani.

Wakongo wenyewe hawakuwa huru kutazama walichotaka. Sheria ya mwaka 1945 ilikataza Mwafrika kuonyeshwa filamu yoyote isipokuwa iliyopitishwa na kamati ya udhibiti, na pengo likajazwa na mapadre. Zilipigwa filamu za kuchekesha na za kuonya, zikaonyeshwa uwanjani jioni huku mtu akisimama kando ya kitambaa kueleza kwa lugha ya watazamaji. Mashuhuri ni zile za Matamata na Pilipili, zilizotengenezwa Kasai na padre Albert Van Haelst. Tristan Bourlard alitengeneza filamu juu yake mwaka 1996. Uchunguzi mkubwa wa historia hiyo, wa Ramirez na Rolot, ulitolewa na makumbusho ya Tervuren mwaka 1985. Mwelezaji yule wa kando ya kitambaa anastahili utafiti wake. Yeye ndiye aliyetunga hadithi ambayo watu waliisikia, na hakuna aliyeiandika. Sanaa hiyo haikufa: katika Tanzania, Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliuza kwa wingi kanda za filamu za nje zilizowekewa sauti yake ya Kiswahili.

Filamu za Waafrika zilipoanza kuuzwa kwa kanda za video katika miaka ya 1990, soko lao lilikuwa vyuo vikuu vya ng'ambo. California Newsreel ya San Francisco na Médiathèque des Trois Mondes ya Paris ziliwauzia walimu wa Marekani na Ufaransa filamu ambazo katika nchi zilikotengenezwa zilikuwa zimeonyeshwa mara chache. Pièces d'identités ya Mweze Ngangura, mzaliwa wa Bukavu, ya mwaka 1998, ilikuwa miongoni mwa hizo.

Kuna picha, hata hivyo, zilizouzwa kwa watu wa Kongo wenyewe: picha za kuchora. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi alichora historia ya nchi yake tangu zamani, pamoja na Waarabu na watumwa, akauza kazi zake mitaani. Mwaka 1973 na 1974 Fabian alinunua kwake mfululizo wa picha zipatazo mia moja na kurekodi maelezo yake kwa Kiswahili cha Katanga. Kitabu kilitoka mwaka 1996, Remembering the Present, na picha ziko Amsterdam. Fabian vilevile alichapisha huko Amsterdam mwaka 1990 historia ya mji wa Elisabethville iliyoandikwa kwa Kiswahili na André Yav kwa niaba ya watumishi wa nyumbani mwaka 1965, kijitabu ambacho wenyewe walikuwa wamekigawa kwa nakala za mashine. Lazima isemwe kwa haki kwamba Fabian, tofauti na waliomtangulia, alichapisha Kiswahili kama kilivyoandikwa. Hakukisahihisha, wala hakukisanifisha. Mfano huo ndio unaokosekana kwa Kasongo.

Yanayopatikana sasa

Hali ya soko imebadilika katika karne hii. Shajara ya Livingstone inasomwa bure katika intaneti. Akademia ya Brussels na makumbusho ya Tervuren yameweka wazi machapisho yao mengi ya zamani. Matini ya Yav yamewekwa vivyo hivyo. Mwaka 2020 Xavier Luffin alitoa Brussels mkusanyo wa hati za Kiarabu na Kiswahili zilizo katika hifadhi za Ubelgiji, za tangu 1880 hadi 1899: barua, mikataba na hesabu za wafanyabiashara, nyingi zikiwa zimechukuliwa na maofisa wakati wa vita. Mwaka huo huo jarida la Antiquity lilichapisha taarifa ya watafiti wa Kongo na Ubelgiji waliochimba mabaki ya Waswahili katika Maniema na kuwahoji wazee. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994 kuhusu misafara ya bara, Paradise, imekuja Dar es Salaam kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis.

Ni mavuno mazuri. Lakini cha bure kinahitaji umeme, mtandao na mashine, na katika vyuo vya Kongo vya mbali na miji mikuu bidhaa ya kitabu inayozunguka hasa ni nakala ya fotokopi na daftari la mhadhara linalouzwa na mwalimu. Lililoingia katika daftari hilo ndilo litakalojulikana. Kwa kawaida linaloingia ni muhtasari wa Kifaransa wa vita vya 1892 hadi 1894, ambao chanzo chake, ukifuatwa nyuma, hufika kwa Hinde.

Kazi inayowezekana, na isiyohitaji fedha nyingi, ni toleo la Maisha kwa ajili ya Maniema: matini ya Kiswahili ya mwaka 1902, yaliyolinganishwa upya na Whiteley, maelezo ya Bontinck juu ya watu na mahali, yakiwa yamefupishwa na kuwekwa katika Kiswahili, na ufafanuzi wa maneno ya pwani ambayo msemaji wa Kingwana hayatumii tena, au anayatumia kwa maana nyingine. Mhariri atahitaji kukaa Kasongo na Kabambare. Majina ya mito, vijiji na watemi katika matoleo yote yamepita mikononi mwa Mjerumani aliyesikia matamshi ya Unguja, na mengi yamebaki na alama ya kuuliza katika maelezo ya chini. Wazee wa njia ya zamani, Wamaza wakiwamo, wataweza kuziondoa baadhi ya alama hizo kwa kusomewa kurasa chache kwa sauti, maana zimeandikwa kwa lugha wanayoielewa. Kurasa za kuanzia ni zile za Utetera na za kuingia Kasongo, ambamo majina yamebanana kuliko mahali pengine popote katika kitabu.